Kwa Nini Kila Piesi Inaomba Namba Yake



Mnakumbuka ile miezi miwili ya mvua wakati mulini ya shule ilikuwa inasimama, inaanza, na kusimama tena. Mahindi ilibaki katika mifuko, na wa internati tulikula mihogo asubuhi na mangaribi. Wengi walisema mulini imekufa. Wengine walisema papa mwenye kuitumikisha ndiye aliyeiharibu, na maneno hayo yalimfikia, yakamuumiza. Sisi wa tano mekanika tulifungua mashine ile pamoja na mwalimu wetu wa teknolojia, na tunaweza kusema bila kuogopa: mulini haikufa, na yule papa hakuharibu kitu. Kilichovunjika ni rulema moja tu, ambayo mtu anaweza kuibeba katika kiganja cha mkono. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita beringi. Na kilichotuchelewesha miezi miwili si rulema yenyewe. Ni namba yake.

Njo maana tumeomba kurasa hizi za gazeti letu, tuwaelezee habari ya namba za piesi, jinsi zinavyoandikwa katika orodha, na jinsi zinavyobadilika wakati kitu kinabadilika. Msiseme ni mambo ya mekanika peke yao. Aliyekula mihogo miezi miwili anahusika.

Kwanza tuwaambie jinsi mambo yalivyokwenda.

Safari ya kwanza, yaya mmoja alikuwa anashuka Lubumbashi na camion. Sisi tulipima mhimili wa mulini kwa rula ya shule, tukapata milimeta 30. Tukamwambia: lete rulema ya milimeta 30. Alipofika dukani, mazungumzo yalikuwa hivi, kama alivyotusimulia mwenyewe:

– Papa, niko natafuta rulema ya mulini.
– Rulema gani? Numero yake?
– Numero siyue. Iko ya milimeta makumi tatu, ile ya mulini.
– Yaya, za makumi tatu ziko mingi. Basi kamata hii, iko nguvu.

Ilikuwa nguvu kweli. Tulipoivalisha kwenye mhimili iliingia vizuri kabisa, tukaanza kufurahi. Kisha tukataka kuiingiza ndani ya nyumba yake, ile chuma yenye tundu la mviringo ambamo rulema inakaa, ikakataa. Tundu lilikuwa milimeta 62, na rulema kwa nje ilikuwa 72. Tulikuwa tumepima kitu kimoja mahali ambapo viko vitatu: upana wa ndani, upana wa nje, na unene.

Safari ya pili tulijiona wenye akili. Tulikwenda kuangalia orodha ya piesi iliyobandikwa ukutani mwa depo, tukaona imeandikwa 6206, tukanakili, tukatuma karatasi. Rulema ilikuja, ikaingia ndani na nje bila shida. Mulini ilisaga siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu ikaanza kulia, na jioni ikashikwa. Tulipoitoa tuliona mipira yake imefunikwa na unga uliochanganyika na grisi, mzito sawa udongo wa kufinyanga. Ile rulema ilikuwa wazi mbavu zote mbili, haina kifuniko.

Ni hapo mwalimu alipokwenda kutafuta daftari yake ya zamani. Mule ndani aliandika, miaka miwili mbele ya hapo, kwa mkono wake mwenyewe: si 6206 tena, ni 6206-2RS. Yaani ileile, lakini yenye vifuniko vya kauchu pande zote mbili, vya kuzuia vumbi la unga. Alikuwa ameona shida hiyo mapema na kuitengeneza. Lakini alitengeneza katika daftari. Orodha ya ukutani hakuigusa. Orodha ile haikuwa na tarehe, haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba imezeeka. Karatasi ya zamani na karatasi mpya zilifanana kabisa, na sisi tuliamini ile iliyokuwa karibu na macho.

Safari ya tatu tulileta ile ya haki. Tangu siku hiyo mulini inasaga.

Sasa tuingie katika masomo yenyewe. Kuko namba zinazosema na namba zisizosema. Namba ya rulema ni ya zile zinazosema, na ni furaha kujifunza kuisoma. Chukua 6206. Tarakimu mbili za mwisho, 06, uzizidishe mara 5: unapata 30, ndiyo milimeta za tundu la ndani. 6204 ni 20. 6205 ni 25. 6207 ni 35. Hesabu hii inaanza kwenye 04. Chini yake lazima uzishike kwa kichwa: 00 ni milimeta 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Tarakimu mbili za mbele zinaonyesha aina na ukubwa wa mwili. 62 ni mwili wa kadiri, 63 ni mnene zaidi. Kwa hiyo 6206 iko na 30 ndani, 62 nje, unene 16. Na 6306, ile aliyoileta yaya wetu safari ya kwanza, iko na 30 ndani, 72 nje, unene 19. Dukani walimpa kitu cha haki kwa swali alilouliza; swali ndilo lilikuwa nusu.

Herufi za nyuma nazo ni maneno. 2RS ni vifuniko viwili vya kauchu. 2Z, ambayo wengine wanaandika ZZ, ni vifuniko viwili vya bati. C3 ni nafasi ya ndani iliyo kubwa kidogo kuliko kawaida, inafaa mahali penye moto mwingi. Wengi wanazani herufi hizi ni mapambo ya kiwanda. Sisi tulilipa safari nzima kwa ajili ya herufi mbili na tarakimu moja.

Jambo la kushangaza ni kwamba rulema 6206 ya kiwanda cha Sweden, kama SKF kilichoanza Göteborg mwaka 1907, na 6206 ya Japani au ya China, zote zinaingia mahali pamoja. Hii haikujitokeza yenyewe. Mataifa yalikaa na kupatana juu ya vipimo, na mapatano hayo yameandikwa na shirika la ISO, lililoundwa mwaka 1947. Kwa hiyo mtu wa Mitwaba anaweza kuandika tarakimu nne kwenye kipande cha karatasi, na mtu asiyemjua kamwe, asiyesema lugha yake, akamletea kitu cha kumfaa.

Lakini angalieni kinga. Hapo mapatano yalichelewa, na mpaka leo tunateseka. Ukienda sokoni kuomba mpira wa nje wa 26, unaweza kupewa wa 26 × 1 3/8, au 26 × 1 1/2, au 26 × 1.75. Wote wanaitwa 26. Lakini chuma cha gurudumu, pale mpira unapokaa, kwa wa kwanza ni milimeta 590, kwa wa pili 584, kwa wa tatu 559. Huwezi kubadilishana. Na ninyi wenye kinga kubwa za kubeba makala, ile 28 yenu iko ya namna mbili: 28 × 1 1/2 inakaa kwenye 635, na kuko 28 nyingine inayokaa kwenye 622. Tofauti ni milimeta 13, si kitu kwa macho, lakini mpira utakataa au utaruka njiani na mzigo juu. Dawa iko: pembeni mwa mpira, kwa herufi ndogondogo, wanaandika pia namba ya namna ya 40-635. Ile ya pili ndiyo ya kweli. Soma hiyo, achana na 26 na 28.

Hata reli zetu zilipita katika shida hiyo. Reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 kutoka kusini ilikuwa na upana wa milimeta 1,067 kati ya chuma na chuma. Reli ya Maziwa Makubwa, kutoka Kabalo kwenda Kalemie, ilijengwa kwa upana wa meta moja kamili. Zote mbili unaita reli, magari yake yote unaita wagoni. Milimeta 67 zilitosha kuzuia wagoni ya huku isipite kule, mpaka katika miaka ya 1950 walipopanua ile ya Kabalo ifanane na nyingine. Na huko Tanzania, pale Kidatu, mpaka sasa reli ya TAZARA ya 1,067 inakutana na reli ya meta moja, na mizigo inaomba kuhamishwa.

Turudi kwa namba. Viwanda vingi vikubwa havitumii namba inayosema kila kitu. Toyota, ambazo tunaziona njiani kila siku, wanafanya nusu kwa nusu. Namba yao ya kawaida ina herufi au tarakimu kumi, tano na tano. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 17801 ni chujio cha hewa, 04465 ni vipande vya freni za mbele, 90311 ni kauchu ya kuzuia mafuta. Tano za pili zinasema ni ya mtambo gani na ya umbo gani, lakini hizo huwezi kuzifasiri kwa kichwa, lazima kitabu.

Kuna walimu wanaopenda namba isemayo yote, na kuna wanaopenda namba bubu, yaani 001, 002, 003, kila kitu kwa zamu yake. Sisi tulijaribu ya kusema, kwa sababu ilitupendeza. Nyundo za mulini tuliziita NY16, kwa maana ziko kumi na sita. Kisha tukabadilisha ule mfumo, zikawa makumi mbili na nne. Namba ikabaki NY16, ikisema uongo kila siku. Tangu hapo tumekuwa watu wa namba bubu. Namba bubu haijui kusema uongo. Habari za kitu ziandikwe pembeni, katika safu yake, mahali ambapo unaweza kufuta na kuandika upya. Namba yenyewe usiiguse.

Sasa orodha. Kila mashine iko na orodha ya piesi zake, kama vile bukari ya internati iko na orodha yake: unga kilo ngapi, maji ndoo ngapi, kwa watu wangapi. Lakini orodha ya mashine si mstari mmoja mrefu. Ni kama mti. Mulini ni injini, mkaba, na kichwa cha kusaga. Kichwa cha kusaga ni mhimili, rulema mbili, nyundo, chujio, nyumba na buloni. Injini nayo ni mti mwingine mzima. Katika kila tawi unaandika namba ya piesi na hesabu yake. Ukifanya hivyo vizuri, unaweza kujua kwamba buloni moja ya namna fulani inatumika mahali pane, jumla makumi mbili na mbili, na unanunua mara moja. Ukiziita majina mane, utanunua mara nne, na bado utakosa.

Tumefika kwenye fundo lenyewe. Piesi inabadilika. Kiwanda kinaona kosa, kinatengeneza. Je, piesi iliyotengenezwa inashika namba yake ya zamani, au inapewa mpya?

Sheria inayofuatwa na watu wa kazi ni hii. Weka piesi ya zamani na piesi mpya katika sanduku moja la depo. Mwambie mtu afumbe macho na kutoa moja, yoyote. Kama anaweza kuifunga katika mashine ya zamani au katika mashine mpya, popote, na mashine ikakubali umbo lake, ikaingia, ikafanya kazi ileile sawasawa, basi namba isibadilike. Unaongeza tu herufi ya mabadiliko kwenye mchoro: ilikuwa A, sasa ni B. Katika atelie za huku wanaiita indisi. Lakini kama kuna hata hali moja ambayo yule aliyefumba macho anaweza kuharibu mashine au kuumiza mtu, namba mpya, bila mabishano.

Muone vizuri: herufi ni ya karatasi, si ya piesi. Katika depo hatupangi A upande huu na B upande ule. Siku mtu anapoona lazima ya kuzitenga, siku hiyohiyo amekwisha kukiri kwamba ni piesi mbili, na alipaswa kutoa namba mbili.

Mfano wa karibu ni mkoa wetu. Wakati wa Zaire Katanga ilipewa jina la Shaba, na mwaka 1997 ikarudia Katanga. Mipaka ilikuwa ileile, barabara zile zile, mashimo yale yale. Hiyo ni karatasi iliyobadilika, herufi tu. Lakini mwaka 2015 Katanga ilikatwa mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Hapo ni kitu chenyewe kilichobadilika. Ukituma barua leo na kuandika Katanga tu, mwenye kuipokea atauliza: Katanga gani? Njo sababu ilipasa majina manne mapya.

Turudi kwa mulini. Mtu akipaka nyumba ya rulema rangi ya kijani mahali pa bluu, namba ileile. Akisogeza tundu la buloni milimeta tano, namba mpya, maana haiingii tena. Hapo kila mtu anakubali. Penye mabishano ni chujio. Tuna chujio cha matundu ya milimeta 1, na mwenzetu mmoja alipendekeza cha milimeta 2 ili mulini isage upesi. Umbo ni moja, buloni ni zilezile, kinaingia bila nyundo. Je, namba ileile? Hapana. Unga unaotoka si ule. Waulizeni mama wapishi kama bukari ya unga mnene ni bukari ileile. Kuingia peke yake haitoshi, kazi nayo lazima iwe ileile.

Na kuko neno jingine gumu: ukibadilisha piesi ya chini, unapanda juu mpaka wapi? Tuseme atelie iliyotengeneza mulini inaongeza unene wa mhimili kutoka 30 mpaka 35. Mhimili, namba mpya. Rulema inakuwa 6207, ambayo kwa nje ni 72, kwa hiyo nyumba ya rulema nayo namba mpya. Kichwa cha kusaga? Kwa nje bado kinapokea mkaba uleule, kinakaa juu ya buloni zilezile, kinatoa unga uleule. Ukikitoa chote na kuweka kingine, mwenye mulini hataona tofauti. Basi hapo ndipo mabadiliko yanaishia. Kichwa kinaweza kushika namba yake, kikapata herufi tu. Lakini mtu atakayekuja kununua rulema moja ataangukia shimoni, isipokuwa orodha imwambie: mulini zenye namba ya kutengenezwa mpaka fulani, 6206-2RS, kuanzia fulani, 6207-2RS. Ndiyo sababu kila mashine nzuri ina kibati chenye namba yake peke yake, kama namba ya matrikule ya mwanafunzi. Vijana wanapenda kung'oa vibati hivyo kwa kuchezea. Tafadhali.

Labda mtu atasema: haya ni mambo ya unga, hakuna aliyekufa. Tuwaambie habari ya Marekani, ambayo inajulikana ulimwengu mzima.

Kampuni ya General Motors ilikuwa inatengeneza magari madogo, kati yake Chevrolet Cobalt na Saturn Ion. Ndani ya kiswichi cha ufunguo, pale unapowasha gari, kulikuwa kijiti kidogo kinachosukumwa na resori, cha kuushika ufunguo mahali pake. Resori ilikuwa dhaifu. Goti la dereva likigusa ufunguo, au barabara ikitikisa, au ufunguo ukibeba vingine vingi vizito, kiswichi kiliweza kurudi nyuma, injini inazimika katikati ya mwendo, na mifuko ya hewa inayomlinda mtu wakati wa kugongana haifunguki.

Mwaka 2006 kijiti kile na resori yake vilibadilishwa, vikawa na nguvu zaidi. Kazi nzuri. Lakini namba ya piesi haikubadilishwa. Kiswichi dhaifu na kiswichi chenye nguvu vilibaki na namba moja.

Fikirini sasa wale waliopewa kazi ya kuchunguza ajali. Wanaona magari ya miaka ya kwanza yanazimika, na ya miaka ya nyuma hayazimiki. Wanaangalia kiswichi: namba ileile. Wanasema basi si kiswichi, tutafute mahali pengine. Miaka ikapita namna hiyo. Ilikuwa mpaka mwaka 2013, katika kesi ya jamaa moja ya jimbo la Georgia iliyofiwa na binti yao, enjenia aliyetumwa na wakili wao alipofanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa mekanika angeweza kulifanya: alichukua kiswichi cha gari lile na kiswichi kipya cha dukani, vyenye namba moja, akavifungua, akavilinganisha. Vijiti havikulingana kwa urefu.

Mwezi wa pili mwaka 2014 kampuni ilianza kuita magari yarudi, na kwa jumla yalikuwa milioni 2.6. Na tazameni hili, kwa maana linagusa depo moja kwa moja: ilibidi kuita hata magari ya kuanzia 2008, yaliyotoka kiwandani na kiswichi kizuri. Kwa nini? Kwa sababu katika depo za piesi za kubadilisha viswichi vya zamani vilikuwa vimechanganyika na vipya chini ya namba moja, na hakuna aliyeweza kujua ni gari gani lilipotengenezwa lilifungwa kibaya. Mfuko wa malipo uliowekwa kwa walioumia ulikubali kwamba watu 124 walikufa. Sisi tulipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza, darasa lilinyamaza. Kubadilisha resori ilikuwa jambo jema. Kuficha mabadiliko chini ya namba ya zamani ndiko kulikozuia watu wasiione hatari.

Kosa la kinyume nalo liko, lenye kula pesa tu: kitu kimoja kupewa namba mbili. Katika depo yetu tulikuta mikaba saba imeandikwa kwa Kifaransa katika sanduku moja, na sita zilezile zimeandikwa kwa Kiswahili katika sanduku jingine. Na mwezi uleule tulikuwa tumeomba pesa za kununua mkaba. Bwana Prefe alicheka, lakini hakucheka sana.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Daftari ni moja, na anayetoa namba ni mtu mmoja, mwalimu wa teknolojia. Asipokuwapo, hakuna namba inayotolewa. Namba iliyokufa hatuiamshi kwa kitu kingine, hata baada ya miaka kumi, maana karatasi ya zamani inaweza kutoka mfukoni mwa mtu siku yoyote. Orodha ya ukutani sasa inaandikwa juu kabisa herufi yake na tarehe, na mpya ikibandikwa ya zamani inashushwa na kuchomwa jikoni. Mama wapishi wanafurahi. Kila badiliko linaandikwa na sababu yake. Si kwa kusema tu «imebadilishwa», lakini «vifuniko vya kauchu, kwa sababu ya unga». Mwenye kuja nyuma akijua sababu, hatarudisha kosa kwa kufikiri anapunguza gharama, kwa maana ile ya wazi ni ya bei ndogo.

Na kitu kimoja cha mkono: piesi iliyovunjika isitupwe mbele ya kusoma namba yake. Safisha na petroli, tafuta pembeni, tumia tochi. Kama namba imefutika, pima vitatu, ndani, nje na unene, kwa kalipa, si kwa rula. Wengi wanafanya kinyume, wanatupa kwanza na hasira, kisha wanatafuta katika majani.

Daftari ya mulini imefika herufi D. Piesi mbili bado hazina namba ya kiwanda, kwa sababu kibati cha injini kiling'olewa zamani: segma za pistoni, na pompi ya mafuta. Kama mmoja wenu ana papa au mjomba mwenye mulini ya injini kama hii yetu, yenye gurudumu kubwa mbili na bomba la moshi kwa kushoto, amuombe atusomee kibati chake, maneno yote na tarakimu zote kama zilivyo, hata zile zinazoonekana hazina maana, na atuletee karatasi katika atelie kila siku ya kazi baada ya saa nane.